Mtoto Kanitumia Mlima

Watoto wa wenzangu wakipata kazi huwatumia wazazi wao bati. Jirani yangu hapa Mikindani, Mtwara, kaletewa friji la milango miwili, analifungua hata akiwa hana cha kutoa. Wangu mimi, niliyemsomesha kwa korosho za shamba la babu yake, kaajiriwa Moshi kwenye mambo ya utalii, akanipigia simu: "Baba, nimekulipia Kilimanjaro. Siku 7, kwenye mahema, njia ya Machame. Zawadi yako ya kutimiza miaka 50."

Nikamuuliza kama zawadi hiyo inaweza kubadilishwa na bati.

Kilichoniponza ni mdomo wangu. Barazani nilishajigamba mno kuhusu huyu binti, kwa hiyo kabla sijapata kisingizio, mtaa mzima ulishaniaga. Mlima wangu mimi ni Newala. Pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni, soda mkononi, unalitazama bonde la Ruvuma huko chini, na gari linakusubiri. Hata hapo naomba sweta. Mtu aliyezaliwa usawa wa bahari, anayelala na feni na dirisha wazi, mita 5,895 anaziendea nini?

Basi. Februari, minada ya korosho imekwisha, nikaondoka. Mtwara mpaka Dar, Dar mpaka Moshi, siku mbili za kukunja magoti. Nilipofika Moshi nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekwisha panda na kushuka.

Getini Machame nikakutana na kitu kilichonifariji: mizani. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi, mwaka wa 19 huu, na miaka yote 19 naitwa mwizi. Mkulima akileta gunia anataka lizidi. Likipungua nusu kilo anaitazama mizani, halafu ananitazama mimi. Kule getini mizigo ya wapagazi inapimwa, mwisho kilo 20 kwa mtu, na kila mmoja anaomba wake upungue! Wanachomoa viazi, wanahamisha mtungi wa gesi, wanapima tena. Nilitazama kama natazama mpira. Ningezaliwa Machame ningekuwa mtu wa heshima.

Nikiwa bado nafurahi, kijana mmoja akaniambia, "Mzee, huyu ndiye gaidi wako."

Jamani. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Msumbiji neno hilo hatulifanyii mzaha. Nilirudi nyuma hatua mbili. Kumbe ndivyo wanavyomwita muongoza watalii, wamelichukua la Kiingereza, "guide", wakalitamka walivyolisikia. Wapagazi wao wanajiita wagumu, na hilo halikuhitaji maelezo. Nikahesabu: gaidi, msaidizi wake, mpishi, wagumu sita. Watu tisa wa kumpeleka juu mtu mmoja asiyetaka kwenda.

Mmoja wa wagumu kazi yake ilikuwa choo. Choo cha plastiki, na kihema chake. Siku ya pili, naburuta miguu kwenye mawe kuelekea kambi ya Shira, kijana wa watu ananipita mbio, choo changu kichwani, na adabu zake zote: "Shikamoo, mzee!" Utamwitikiaje mtu aliyebeba choo chako? Marahaba yangu ilitoka kwa aibu.

Mimi sikuruhusiwa hata kutembea vizuri. Nikiongeza mwendo kidogo, gaidi ananigeukia: "Polepole, mzee wangu." Nikisimama: "Twende, polepole." Mikindani nikitembea vile wataniuliza naumwa nini. Nilipitwa na bibi mmoja wa Kijerumani, mstaafu, fimbo mkono huu na fimbo mkono huu, akanipungia kwa fimbo.

Hema nalo ni mfuko wa rambo wenye zipu. Mara ya mwisho kulala porini ilikuwa jandoni, na huko angalau tulikuwa wengi na tuliota moto. Mlimani moto wa kuni marufuku, ni hifadhi. Unaingia kwenye mfuko wa kulalia, unajifunga mpaka shingoni, na ukishamaliza tu kujifunga kibofu kinakumbuka kazi yake, maana mchana kutwa wamekunywesha maji kama mche wa mpapai. Unafungua zipu ya mfuko, zipu ya hema, zipu ya choo, na vidole havina habari na wewe. Nyota za huko ni nyingi kweli, sikatai. Nilizitazama sekunde nne.

Chakula? Mpishi alikuwa fundi, simlaumu. Bisi za jioni, supu kila usiku, uji asubuhi. Lakini mwili unakataa. Mimi ambaye nikiona ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, barabarani nashuka kwenye gari, nilikuwa nalitazama pande la kuku kama linanidai. Na chai ya huko ni ya ajabu: inatokota, mvuke huo, ukiinywa haiunguzi. Gaidi akanieleza kwamba kule juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kabla hayajafika hata nyuzi 90. Kumbe hata maji huko yanalipua kazi.

Kila jioni wananibana kidole kwa kidude kinachosoma oksijeni ya damu. Siku ya kwanza 94. Siku ya pili 88. Siku ya tatu 83. Mimi takwimu hizo nazijua, ni bei ya korosho mnada wa nne. Nikamuuliza gaidi, "Ikishuka zaidi tunagoma kuuza?" Hakucheka. Akaniuliza kama kichwa kinauma. Kilikuwa kinatwangwa kama kisamvu.

Siku hiyo ya tatu ndiyo niliyotaka kurudi kwetu. Tumepanda toka asubuhi mpaka Lava Tower, mnara wa mwamba, zaidi ya mita 4,600, nimefika nikitapika, nikauliza hema liko wapi. "Hema liko Barranco, mzee. Tunashuka." Zaidi ya mita 600 chini! Nimezipanda kwa jasho, nazirudisha zote bila risiti. Wanasema ndiyo siri ya mlima, panda juu, lala chini, mwili uzoee. Inawezekana, kwa sababu usiku ule kichwa kilitulia. Ila ningeandika hesabu ya namna hiyo kwenye kitabu cha chama, mkutano mkuu ungenila nyama.

Asubuhi yake ukaja ukuta wa Barranco. Kuna mahali njia inaisha kabisa, umebaki mwamba umetokeza tumbo, inabidi uukumbatie kifua kwa kifua huku mgongo wako uko hewani. Wanauita mwamba wa kubusu. Miaka 26 ya ndoa, mke wangu hajawahi kukumbatiwa vile.

Kambi ya mwisho inaitwa Barafu. Kwetu barafu inanunuliwa feri kuhifadhia samaki. Kule samaki ni wewe. Wakanilaza saa moja jioni, wakaniamsha saa tano usiku, eti ndiyo muda wa kwenda kileleni, kama tunakwenda kuiba. Nilivaa suruali tatu, masweta, koti la kukodi lililoandikwa jina la mji wa watu wa Ulaya. Kurunzi kichwani. Mbele yangu taa zimepangana mlima mzima, na kila taa ni mtu anayejuta. Maji kwenye mpira wa kunywea yaliganda. Oksijeni unayoivuta kule kileleni ni kama nusu ya ile ya hapa Mikindani. Kwetu ukilipia kilo ukapewa nusu, polisi wanaitwa.

Nililia? Ndiyo, kidogo, na machozi yakaganda, sikupata hata faida ya kuyafuta.

Tulifika Stella Point, ukingoni kule juu, mbingu inaanza kuwa nyekundu. Gaidi, ambaye siku sita alinisikia nikilalamika kwa jina la mkoa wangu, akapaza sauti: "Mtwara kuchele!" Yaani kumekucha. Na kweli kukawa kunakucha. Hapo nilisahau bati. Barafu ile kubwa imesimama kama kuta za nyumba, mawingu yote yako chini, jua linatoka upande wa bahari. Sitasema zaidi, nisije nikaonekana nimependa.

Baada ya hapo ni kama saa nzima tena mpaka kilele cha Uhuru, na ukifika unakuta bango na foleni. Foleni, mita 5,895! Mbele yangu vijana wanane wanapiga picha za kuruka. Gaidi akanikumbusha kwamba hapa ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipouleta Mwenge na bendera ule usiku wa uhuru, 9 Desemba 1961. Nikanyamaza. Mwenzangu alipanda na Mwenge wa taifa, mimi chupa yangu ya maji kabeba msaidizi.

Kushuka nisikueleze. Magoti yaliongea lugha yao mpaka geti la Mweka, kucha mbili za miguu zikabaki huko, nikapewa cheti.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mboga, hajanikatiza hata mara moja. Halafu akaanza.

"Hema alikuwa anafunga nani?"

"Wagumu."

"Chakula?"

"Mpishi."

"Mzigo?"

"Wagumu."

"Na umesema kuna wa choo."

"Yupo."

"Sasa wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natembea."

"Haraka?"

"Polepole."

Akanyoosha mkono kuelekea bombani. Ndoo ilikuwa imejaa. "Hiyo ni ya lita 20. Ni kilo ngapi, karani?"

Nikamwambia maji ni kilo 20 kamili, lakini ndoo yenyewe nayo ina uzito, kama kilo pungufu kidogo, kwa hiyo mzigo umezidi.

"Basi punguza, mgumu."

Nikachota vikombe vitatu, nikamwagia mchicha, nikabeba.