Wakazi wa Jiji Nasi Tuandikiwe Mkataba

Jamani, tangu tarehe 26 Aprili 2018 sisi wa Dodoma ni watu wa jiji. Cheo nimekipokea. Sasa haki zake ziko wapi?

Kule Montreal, Kanada, wakazi wana mkataba wao wa haki na wajibu tangu 2006. Unawabana madiwani na watumishi wa jiji. Ukivunjwa huendi mahakamani, unampelekea malalamiko ombudsman wa jiji, anawaita wahusika wajieleze. Na sisi tunao Mkataba wa Huduma kwa Mteja, sikatai. Kuna ofisi nimeukuta ukutani kwenye fremu safi kabisa, nikausoma wote mpaka sahihi ya chini, maana mhusika alikuwa kikaoni.

Nikawaambia wenzangu kijiweni Nkuhungu, leteni karatasi tuandike wetu.

Ya kwanza maji. Yafunguliwe saa ambayo binadamu yuko macho! Kwetu yanakuja saa nane usiku, tena hayaji yenyewe, inatangulia hewa. Koki inakohoa, inatema pumzi, inakohoa tena, na ukimulika mita kwa tochi ya simu unaikuta inazunguka kwa raha zake. Upepo wa Dodoma tunao wa bure, na vumbi juu. Huu wa kwenye bomba kwa nini niulipie? Na ukipitiwa na usingizi kidogo tu, jirani mwenye simtanki ameshayavuta yote kwa pampu.

Ya pili, Bunge la bajeti. Aprili mpaka Juni, mtu wa kandambili ukiuliza bei ya kuku wa kuchoma, mchomaji anachungulia kwanza kama nyuma yako kuna V8. "Elfu thelathini na tano, mheshimiwa." Uheshimiwa nimeupatia wapi mie? Mlenda nakula mwaka mzima hapahapa! Tunataka bei ya mkazi. Wazee wetu waliambiwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yanahamia huku, wakasubiri, wengine wakafa wanasubiri. Yamefika, na bei zake mkononi.

Ya tatu, mwenye nyumba asidai kodi ya miezi sita wakati choo hakina mlango. Hiyo ilipita kwa shangwe, ila kuna mwenzetu ana vyumba vya kupangisha Chang'ombe, akaomba irudishwe kwenye kamati. Kamati gani, hakusema.

Tukaja kukwama kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mimi nasema ni ya miguu. Wa bajaji anasema abiria wake nao wana miguu. Muuza mitumba anauliza kama tumekusudia watoto wake walale njaa. Kelele zikapanda mpaka mama wa chai akaweka birika chini.

"Na yangu iandikeni. Hakuna kudai haki kwenye benchi langu kabla ya kulipa chapati za wiki iliyopita."

Tukahamia kwa muuza kahawa.