Kupitia C au kwenda moja kwa moja kwenye msimbo wa mashine?

Anayebuni lugha mpya ya programu hufika mahali ambapo ni lazima aamue kompaila yake, yaani programu inayotafsiri lugha hiyo, itoe nini: itafsiri msimbo chanzo kuwa lugha nyingine yenye kompaila tayari, mara nyingi C, au itoe yenyewe msimbo wa mashine, yaani amri zinazoeleweka na prosesa. Wengi huichukulia njia ya kwanza kuwa mkato usio na gharama. Mimi naona gharama ipo, ila hulipwa baadaye, na hulipwa katika maana ya programu yenyewe.

Faida zake hazina ubishi. C ina kompaila kwa karibu kila prosesa, kwa hiyo lugha changa huweza kuendeshwa tangu mwanzo kwenye mashine ambazo mbunifu wake hajawahi kuzigusa, tena ikifaidi kazi ya miongo mingi ya kuharakisha programu. Bjarne Stroustrup, mbunifu wa lugha ya C++, alipita humo: Cfront, kompaila ya awali ya C++ ya miaka ya 1980, ilitoa msimbo wa C. Lugha ya Nim hufanya hivyo hadi leo.

Hata hivyo, C ina sheria zake. Tuchukue namba kamili x yenye alama (inayoweza kuwa hasi), ya biti 32, ambayo kikomo chake cha juu ni 2147483647, na tuseme lugha yako inaahidi kwamba ukiongeza 1 hapo, namba itazunguka na kuwa -2147483648. Ukiitafsiri jumla hiyo kuwa x + 1 ya C, ahadi imevunjika bila wewe kujua, kwa kuwa kanuni rasmi za C hazitoi dhamana yoyote kuhusu hali hiyo na kompaila inaruhusiwa kudhani kuwa haitatokea kamwe. Sharti linalouliza iwapo x + 1 ni ndogo kuliko x linaweza kufutwa lote. Programu itafaulu majaribio, kisha itaharibika siku utakapoiambia kompaila ya C iboreshe kasi ya programu. Dawa inajulikana, nayo ni kujumlisha kwa namba zisizo na alama, lakini mitego ya aina hii ni mingi, na kila mmoja lazima uujue kabla haujakunasa.

Kutoa msimbo wa mashine hukurudishia usukani. Lugha inayokusanya takataka za kumbukumbu yenyewe, yaani kuachia kumbukumbu isiyotumika tena, inahitaji kujua kila kielekezi (anwani ya data kwenye kumbukumbu) kimekaa kwenye rejista ipi ya prosesa, jambo ambalo C haikuambii. Kompaila ya lugha ya Haskell, GHC, ilipitia C kwa miaka mingi, na ili ipate ilichotaka ililazimika kutumia skripti ya lugha ya Perl kuandika upya asembli (amri za prosesa zilizoandikwa kwa maneno) iliyotoka kwenye kompaila ya C! Kwangu, hiyo ni dalili tosha kwamba mkato umegeuka mzunguko.

Ni kweli kwamba kila aina ya prosesa, kama x86 na ARM, hudai kazi yake. LLVM, mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, imeupunguza sana mzigo huo, ingawa ni kubwa na huongeza muda wa kukompaili. Lugha ya Go ilichagua kuwa na kompaila yake yenyewe.

Kwa upande mwingine, lugha ya TypeScript, iliyotolewa mwaka 2012, hutafsiriwa kuwa JavaScript bila taabu kubwa kwa sababu maelezo yake ya aina za data hufutwa na maana inayobaki ni ileile ya JavaScript. Lugha yako ikiwa na undugu wa namna hiyo na C, itafsiri. Ikiwa inaahidi hesabu zake na usimamizi wake wa kumbukumbu, ningeanza na LLVM kabla watumiaji hawajaanza kuzitegemea ahadi hizo.