Chumba ni kimoja, fundi akiingia mpangaji aende wapi?

Ukilalamika kwamba mafundi wamebisha hodi saa kumi na mbili alfajiri bila taarifa, jibu huwa tayari: si unatengenezewa? Au wataka nyumba ivuje?

Jibu hilo lina uzito. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinamtwika mwenye jengo la wapangaji wengi mzigo wa paa, kuta za nje na mabomba makuu ya majitaka. Ghorofani, bomba likipasuka kwa wa juu, anayelowa ni wa chini. Ndiyo maana kifungu hichohicho kinamruhusu mwenye jengo kuingia kukagua na kurekebisha.

Lakini kinataka aingie wakati unaofaa, tena asimsumbue mpangaji kupita kiasi. Hapo ndipo watu hawafiki. Utulivu anaoahidiwa mpangaji na kifungu hicho si wa kutosikia nyundo. Ni wa kukaa kwake kama kwake maadamu analipa kodi.

Jirani yangu wa Pipeline, Nairobi, ana chumba kimoja, mke na mtoto anayenyonya. Jumatatu moja mafundi walichimbua sakafu wakitafuta bomba, fundi akasema anafuata simiti, akarudi wiki iliyofuata. Mpangaji wa vyumba vitatu hukaa sebuleni fundi akiwa jikoni. Huyu jikoni kwake ndiko sebuleni, ndiko kitandani. Vumbi liliingia hadi kwenye unga. Walilala kwa shemeji siku tisa, na tarehe tano kodi ikadaiwa yote, Sh6,500.

Angeshtaki wapi? Jopo la kodi za nyumba husikiliza kesi za makao ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Elfu mbili na mia tano! Nairobi ya leo, ni wangapi wanaolipa hiyo? Kwa jopo amezidi, kwa wakili hafiki, basi hunyamaza.

Sheria husimamisha kodi moto au mafuriko yakiifanya nyumba isikalike. Sioni kwa nini siku tisa za sakafu iliyochimbuliwa zilipiwe kama siku za kuishi. Mwenye nyumba atume ujumbe wa simu siku moja kabla, aseme kazi itaisha lini, na siku za kulala nje azikate kwenye kodi. Bomba lililopasuka usiku halingoji taarifa, wala sijaona mpangaji akilifungia mlango. Kubadilisha vigae kunaweza kungoja Jumamosi.