Tiketi ya Afrika kwenye magongo ya wanawake: haki au hisani?

Bingwa wa Afrika wa mpira wa magongo kwa wanawake anapata tiketi ya Olimpiki kwa kulitwaa bara tu, bila kupita kwenye mchujo wa dunia. Nafasi zote ni 12, kwa hiyo hiyo moja inatamaniwa na inasemwa vibaya: eti Afrika inabebwa, inakwenda kula magoli, na inamnyima nafasi aliyestahili zaidi.

Waliolisema hilo kwa ukali kuliko wote hawakutoka Ulaya. Ni Waafrika Kusini wenyewe.

Kamati yao ya Olimpiki, SASCOC, ilishikilia kwa miaka kwamba ubingwa wa Afrika si kipimo. Kabla ya London 2012 wanawake wa Afrika Kusini, wakiwa tayari mabingwa wa bara, walitakiwa wakaitafute nafasi kwenye mchujo wa dunia. Wakaenda New Delhi mwezi Februari, wakawafunga wenyeji India 3-1 kwenye fainali, wakafuzu kwa jasho. Kisha huko London wakaichapa Marekani 7-0. Anayesema msimamo wa SASCOC ulizaa matunda ana ushahidi mkononi.

Tatizo ni kilichofuata. Mwaka 2015 wanawake hao walishinda tena mchujo wa Afrika, wakiwa nyumbani Johannesburg, na SASCOC ikaikataa tiketi. Safari hii hapakuwa na mlango mwingine. Nafasi yao ya Rio 2016 ikaenda Hispania, ambayo ilifika robo fainali na kutolewa 3-1 na Uingereza, waliokuja kutwaa dhahabu. Wapinzani wa tiketi wanaupenda sana mfano huu, na siwalaumu: timu iliyoingia badala ya Waafrika ilionyesha mchezo.

Mfano huo hauhesabu waliobaki nyumbani. Mchezaji wa magongo wa Afrika hana ligi ya kumlipa mshahara wa maana. Olimpiki ndiyo inayomfanya avumilie mazoezi ya alfajiri kabla ya kazi, na akikosa moja, ya pili huenda asiifikie. SASCOC ilitaka timu ngumu zaidi, ikawanyima wachezaji wake mechi ngumu kuliko zote. Hapo hoja yao inanishinda kuielewa. Kiwango hakipandi kwa kukaa ukiitazama televisheni.

Kwa Tokyo kamati ililegeza, timu ikaenda. Ilicheza mechi tano na kupoteza zote tano. Ukisoma msimamo wa kundi tu, utasema wasema vibaya walikuwa sahihi. Uholanzi ilishinda 5-0, sawa, lakini Uholanzi hiyo ilikuwa ikimfanyia karibu kila mtu hivyo. India ndiyo ya kutazama: ilishinda 4-3, Vandana Katariya akafunga matatu, na Afrika Kusini ilisawazisha mara tatu kabla ya kuzidiwa. Timu iliyobebwa haimlazimishi mshindi wa nne wa mashindano kuhangaika kiasi hicho.

Ubishi huu wote una babu yake, nao ni Moscow 1980.

Mwaka ule magongo ya wanawake yaliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mgomo wa kupinga Wasovieti kuivamia Afghanistan ukaondoa timu kubwa: Ujerumani Magharibi haikwenda, na Uholanzi, mabingwa wa dunia wa 1978, ilipeleka wanamichezo wengine lakini si wanawake wa magongo. Waandaaji wakahangaika kujaza nafasi. Zimbabwe, iliyopata uhuru tarehe 18 Aprili mwaka huohuo, ikaalikwa zikiwa zimebaki wiki chache. Wachezaji wake hawakuwahi kucheza kwenye nyasi bandia. Wakaifunga Poland 4-0, wakatoka 2-2 na Czechoslovakia, wakawapiga wenyeji Wasovieti 2-0, wakatoka 1-1 na India, na tarehe 31 Julai wakaimaliza Austria 4-1. Dhahabu. Nyumbani walikuwa wameahidiwa ng'ombe kila mmoja. Walichokabidhiwa ni nyama iliyofungwa kwenye vifurushi. (Ahadi za zawadi kwa timu za taifa tunazijua sote.)

Je, ile ni dhahabu ya bahati? Kwa upande wa kualikwa, ndiyo, tena bahati ya mtende. Nani angeiweka Zimbabwe mbele ya Uholanzi kama Uholanzi ingekuwepo? Lakini mwaliko unakufikisha uwanjani tu, na ushahidi wa hilo ni sisi Watanzania. Mgomo huohuo uliacha mapengo kwa wanaume pia, na timu yetu ya magongo ikaingia Moscow kwa mlango uleule. India ikatufunga 18-0. Tulipoteza mechi zote, hata ile ya Cuba, wageni kama sisi, tukashika nafasi ya sita kati ya sita. Mji ni mmoja, mwezi ni mmoja, na bahati ni ileile.

Tofauti ilijengwa miaka mingi nyuma, na si ya kuisimulia kwa kujisifu. Wachezaji wote wa Zimbabwe walikuwa wazungu. Walilelewa na shule zenye viwanja na walimu wa michezo, wakapita kwenye vilabu vyenye mechi kila wikiendi, ndani ya Rhodesia, Zimbabwe ya kabla ya uhuru, iliyomfungia mtoto mweusi milango hiyo. Mwaliko ulikuta kitu kimeshaiva. Mfumo ule haukupanuliwa ili wasichana wengine wapite humo, na wanawake wa Zimbabwe hawajarudi Olimpiki kwenye magongo tangu siku ile. Tangu 1980 ni Afrika Kusini pekee iliyoliwakilisha bara.

Kwa hiyo hoja ya wapinzani ninayoiona nzito si ile ya kufungwa magoli. Ni kwamba tiketi imekuwa ikimnufaisha mmoja. Kenya ilikuwa na Telkom, klabu ya wanawake iliyolitawala kombe la vilabu vya Afrika kwa miaka mingi, na bado timu ya taifa ya wanawake haijaiona Olimpiki. Klabu inashinda barani, kisha taifa linakutana na Afrika Kusini mara moja baada ya miaka kadhaa, kwenye mchujo wenyewe, wakati wapinzani wake wamecheza mechi za kimataifa mwaka mzima. Huwezi kulipunguza pengo la namna hiyo kwa wiki mbili za kambi, hata uwape wachezaji posho nono kiasi gani.

Wapo wanaopendekeza tiketi ifutwe, kila mtu apite mchujo wa dunia. Inapendeza masikioni, na mfano wa New Delhi 2012 unaipa nguvu. Lakini angalia michujo ya Januari 2024 kuelekea Paris. Ilichezwa Ranchi na Valencia, timu nane kila mji, 16 kwa jumla, na kwa upande wa wanawake hapakuwa na hata moja ya Afrika. Huko ndiko wanakotaka tukapiganie nafasi, mahali ambapo safari ile hatukukanyaga. Mimi ningeiacha tiketi ya bara ilipo, kisha nidai mshindi wa pili wa Afrika apelekwe kwenye michujo hiyo kila mara, hata kama ataanza kwa kufungwa na Ukraine au Malaysia.