Gesi ipo, mkaa bado unawaka

Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kugawa mitungi ya kilo 6 ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu unaanza gesi inapoisha, au siku ya kupika maharage.

Programu nyingi za kusambaza majiko zina mtazamo unaofanana na nadharia aliyoichapisha mwanasaikolojia Icek Ajzen mwaka 1991: mtu hutenda kulingana na msimamo wake, matarajio ya wenzake, na uwezo anaojiona nao. Hilo hupimika kwa dodoso, ndiyo maana wafadhili wanalipenda. Tatizo ni kwamba mpishi husema jiko jipya analitumia kila siku, lakini kihisi joto kikifungwa kwenye jiko mara nyingi huonyesha pungufu.

Nadharia ya mazoea ya kijamii, anayoitetea mwanasosholojia Elizabeth Shove, huanza na upishi wenyewe: vifaa, ujuzi na maana vinavyoufanya uendelee. Ugali wa watu wanane husongwa kwa nguvu, na sufuria iliyo juu ya mtungi wenye kichomeo huyumba. Maharage yasiyolowekwa huchukua saa mbili au zaidi. Kwenye mkaa yanaachwa yatokote mtu akifua, kwenye gesi anahesabu hela. Basi nyumba inabaki na majiko mawili, hata kama mwenye nyumba anajua vizuri habari za misitu.

Kwa mbunifu wa programu ya majiko, kazi inakuwa hivi: orodhesha vyakula vya wiki, pima mkaa asubuhi na jioni kwa siku tatu au zaidi, kisha shughulikia kwanza chakula kinachokula mkaa mwingi. Mara nyingi ni maharage. Yakilowekwa usiku kucha, jiko la presha la umeme huyaivisha chini ya saa moja, nao ugali usiguswe kwanza.

Lakini kufuata mazoea nako kuna mtego. Jiko la mkaa la bati lenye kikombe cha udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilipokelewa kwa sababu halikudai mabadiliko makubwa: sufuria zilezile, mafundi walewale wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani. Liliokoa mkaa, halikuuondoa.

Isitoshe, tusiite mazoea kile ambacho ni bei tu. Mkaa unauzwa kwa kopo. Kujaza mtungi kunataka fedha nyingi kwa mkupuo. Mita ya kulipia gesi kidogo kidogo inatibu hilo bila nadharia yoyote ya mazoea, mradi msambazaji awe karibu, na mtungi ubadilishwe kabla haujaisha.