Sauti ya bosi ipo, bosi hayupo

Kuna watu wanaamini dereva wa lori anaona kila kitu kwa sababu amekaa juu. Hii imani ndio inatutesa. Mtu anakucheki umepanda huko ghorofani, mbele una kioo kipana, pembeni saiti mira ndefu zimening'inia, basi anajua unaona mpaka kesho. Ukweli ni kwamba vya mbali unaviona kweli, mita 200 huko unamuona mtu anavuka na rangi ya viatu vyake unaitaja, ila aliyesimama hapa chini ya pua huna habari naye kabisa.

Na langu ni lile la pua ndefu, bonneti imetangulia mbele. Kule Marekani madereva wa magari madogo wanafundishwa kwamba futi 20 mbele ya lori na futi 30 nyuma yake ni blaindi spoti, ukikaa hapo wewe kwa dereva hujazaliwa. London nao lori la zaidi ya tani 12 linapimwa dereva anaona kiasi gani kwa macho yake mwenyewe kupitia madirisha, halafu linapewa nyota, 0 mpaka 5, na mwaka 2024 wakasema chini ya nyota 3 huingii mjini mpaka ufungiwe vifaa vya ziada vya usalama. Langu mimi sidhani kama lingepata nyota, lingepewa kupatwa kwa mwezi.

Basi siku hiyo tumeingia yadi kushusha mzigo, mlango wa godauni niliopangiwa uko upande wa kushoto. Madereva wenzangu hapo mshaelewa. Mimi usukani wangu uko kulia (wanaokaa kushoto wageuze tu hadithi), kwa hiyo kupiga rivasi kwa kulia ni raha mustarehe, unatoa kichwa dirishani unaliona tairi la mwisho la trela linavyokwenda. Rivasi ya kushoto ni ya imani. Trela likianza kukunja tu, saiti mira ya kushoto inajaa turubai, unaona turubai, kamba na matope, basi, halafu ile ya kulia inakuonyesha uwanja mtupu ambao huna shida nao hata kidogo. Kuna kile kioo kidogo juu ya mlango wa kushoto kinachoangalia chini, hicho ndio kingeniokoa, ila tawi la mti lilishakipiga kikageukia juu na mwenye gari kila nikimwambia anasema tutaangalia. Kwa hiyo mimi kupitia kile kioo nilikuwa napata utabiri wa hali ya hewa tu.

Nikakunja nusu, nikasimama, nikavuta hendibreki, pshhhh. Nikamwambia utingo dogo shuka kaniangalizie nyuma. Akashuka, akapotea. Utingo wangu ana kipaji cha kusimama palepale ambapo hakuna kioo kinachofika halafu anapiga mikono hewani "njoo njoo njoo" anajielekeza mwenyewe.

Nikiwa nasubiri, nikasikia mtu ananitukana.

"Wewe dereva! Si naongea na wewe!"

Nikaangalia kulia, hakuna mtu. Kushoto turubai. Mbele bonneti, na kule mbali ukuta wa yadi. Nikazima redio nikidhani ni tamthilia, sauti ikaendelea. "Umeziba njia magari yote yamekwama, unaniangalia tu!" Nikatoa simu mfukoni nikaiweka sikioni, nikajua imejipigia yenyewe na mtu wa upande wa pili kakasirika, kimya. Sasa nikaanza kuogopa kidogo, maana sauti iko karibu kabisa, na ananiita dereva, si mtu mwingine.

Ndio kikatokea kidole. Kidole tu. Kimenyooka, kinapanda na kushuka ukingoni mwa bonneti, kinafoka. Ukucha wake umekatwa vizuri, pembeni kuna kalamu ya wino imebanwa na vidole vingine ambavyo sivioni vizuri. Hakina mkono, hakina mtu. Nikagusa honi kidogo, honi ya adabu, kumwambia mwenye kidole sogea nikuone. Tatizo lori halina honi ya adabu, lina honi ya upepo, hata ukiigusa kama unagusa yai inapiga ileile ya kuamsha kijiji. Kidole kikapotea. Kalamu nikaiona inaruka peke yake juu ya bonneti, ikatua, ikabingirika mpaka kwenye waipa.

Sekunde chache baadaye dirishani kwangu akaja mzee mmoja mfupi wa kutosha, shati jeupe, suruali nyuma ina vumbi la duara kamili mahali alipokalia. Bosi wa yadi.

"Umeniona kabisa halafu ukanipigia honi usoni!"

"Shikamoo mzee. Mimi nimeona kidole."

Utingo, ambaye tangu asubuhi hajaonekana pale anapohitajika, akatokea muda huohuo na akaangua kicheko. Hiyo ikaharibu kila kitu. Bosi akasema madereva wote ni waongo, nimekaa juu hivi halafu nasema sioni, kwanza lori lina vioo vingi kuliko saluni. Shuka, akasema, nipande mwenyewe nione hayo unayosema huyaoni. Nikazima injini, hendibreki nikaihakikisha mara mbili, funguo nikatia mfukoni maana simuamini, nikashuka.

Kupanda kwake peke yake kulikuwa sinema. Ngazi ya kwanza iko usawa wa goti langu, usawa wa paja lake, akajivuta, tukamsukuma kwa heshima zote, akafika. Sasa siti yangu nimeiweka kwa urefu wangu na vioo vyote nimevielekeza kwa macho yangu, mtu mwenye kimo kingine akikaa pale saiti mira zinamuonyesha vitu vya ajabu tu. Kutoka chini tulikuwa tunaona nywele na macho mawili juu ya usukani.

Nikazunguka mbele kwenda upande wa kushoto nisimame pale nimwoneshe. Na ndio nikakiona. Kigari cheupe, kidogo, kimepaki ubavuni kabisa mwa kichwa cha lori, chini ya mlango wa utingo, hata kiganja mkipitisha kinabanwa. Kumbe bosi alikuja nacho kwa hasira wakati nimesimama, akaona hapa kuna upenyo, akakichomeka, funguo akaziacha ndani, akazunguka mbele kuja kunifokea. Kama nisingevuta hendibreki na kumsubiri dogo, pua ingekifagia kile kigari bila mimi kusikia hata mkwaruzo. Nikatoka jasho hapohapo.

Juu kule bosi naye alikuwa anaangalia kushoto. Kimya. Halafu nikamsikia.

"Gari yangu iko wapi?"

"Iko hapa mzee!"

"Hapa wapi?"

"Hapa nilipo mimi!"

"Wewe uko wapi?"

Nikapunga mikono. Dogo akapunga mikono. Dogo akaanza kurukaruka, bosi anasema naona kofia inakuja na kuondoka, acheni utani, nimeacha gari hapa na funguo ndani na sasa hakuna gari, naona ukuta. Na kweli kwa pale alipokaa jicho lake likipita juu ya kizingiti cha dirisha la kushoto linaenda kugonga ukuta wa godauni moja kwa moja, kigari chote kimemezwa na mlango. Nikapiga bati la lori kwa kiganja, nikasema mzee nakishika, huyu hapa, nimemuegemea. Akaelewa kwamba mwizi kashikwa.

Akatoa simu akampigia mlinzi. "Funga geti! Gari yangu imeibiwa! Asitoke mtu!"

Filimbi ikalia. Geti likafungwa puuu. Malori matatu yaliyokuwa yanataka kutoka yakaanza kupiga honi zao zisizo na adabu, wapakiaji wakaacha mizigo wakaja kuangalia, mmoja kashika rungu hajui la nani. Mlinzi akaja mbio, kofia mkononi, akasimama katikati yetu, akapaza sauti kuelekea juu.

"Bosi! Gari rangi gani?"

"Si unaijua! Nyeupe!"

Mlinzi akaweka kiganja juu ya paa la kile kigari. Ni mtu wa taratibu huyu mlinzi, akasoma na namba ya gari kwa sauti, herufi mojamoja. "Kama hii?"

Kimya kikawa kirefu. Tukaona macho mawili yanahama kwenye usukani, tukasikia mtu anajiburuza kupita kwenye gia mpaka siti ya utingo, halafu paji la uso likabandikwa kwenye kioo cha kushoto, pua imebonyea, macho yanashuka chini taratibu. Akakiona. Akatuona na sisi, watu kama kumi na tano, wote tumeegemea gari yake.

Alitaka kushukia hukohuko, mlango ukafunguka kidogo ukagoma maana ukiufungua wote unachana paa lake mwenyewe. Ikabidi arudi tena kwa kujiburuza, ashukie kulia, kinyumenyume, kiatu kimoja kikabaki ngazini. Dogo akamkabidhi kiatu kwa mikono miwili na kalamu juu yake.

Tukajua yameisha. Ila mlinzi alikuwa amesharudi na daftari la matukio, anasema geti likifungwa kwa amri lazima sababu iandikwe na aliyeamuru asaini. Ameshaandika gari limepotea saa 4:10, limepatikana saa 4:12, lilikuwa mahali pake. Bosi akasoma, akavaa kiatu, akasoma tena, akauliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kuandika lilikuwa zoezi la usalama.

Mlinzi akamuuliza zoezi hilo aliliandaa nani, na lilianza kabla au baada ya honi.