Picha za mochari: mashine ipange, isifute

Januari 2022, miili zaidi ya 20 iliyoopolewa Mto Yala, magharibi mwa Kenya, ilikuwa imelala mochari ya hospitali ya Yala bila majina, mingine ikiwa ilitolewa majini ndani ya magunia. Familia zilifika kutafuta watu wao. Tangu hapo, nikisikia akili unde ikitajwa kwa kupanga picha za uchunguzi wa maiti, huwakumbuka wale.

Mwili mmoja hupigwa picha nyingi: mzima, uso, kila jeraha kwa mbali, kisha kwa karibu na rula pembeni na lebo ya nambari ya kesi. Zikitoka kwenye kamera, majina ya faili ni tarakimu tupu. Ukichoka ukakosea moja, jeraha la marehemu huyu linaingia kwenye faili la yule. Mashine inaweza kusoma lebo, kutenga picha za kichwa na za mikono, na kumwonya daktari kwamba jeraha la bega halina picha yenye rula, mwili ukiwa bado haujazikwa. Hilo naliunga mkono bila kusita.

Lakini mashine hujua ilichofunzwa tu. Chuo Kikuu cha Tennessee kule Knoxville kina picha zaidi ya milioni moja za miili inayooza, ya watu waliojitolea miili yao kwa sayansi. Mwili uliolazwa kwenye nyasi za Tennessee hauharibiki kama uliofungwa guniani ukazama Yala. Na mchubuko kwenye ngozi nyeusi humpita hata daktari mzoefu, sembuse programu iliyozoea ngozi nyeupe.

Kinachonitisha zaidi ni kufuta. Programu za picha hupendekeza kuondoa zinazofanana na zenye ukungu. Je, ile yenye ukungu ikiwa ndiyo inayoonyesha kovu la kifundo cha mguu, ambalo mama analijua tangu mwanawe alipomwagikiwa na uji?

Mahakamani nako, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kuhusu rekodi ya kielektroniki na kifaa kilichoitoa. Wakili akiuliza nani aliyeiita picha hii jeraha la kisu, "kompyuta" si jibu.

Wapo wanaosema tungoje hadi tuwe na mashine iliyofunzwa kwa picha za kwetu. Siafikiani nao, makosa ya lebo hayangoji. Ningeanza na kusoma nambari tu, kwenye kompyuta iliyo humo humo hospitalini, picha asili zikiwa zimefungwa asiweze mtu kuzigusa. Majeraha ayataje daktari, atie sahihi yake.